Kigari cha Mama Tausi Kinakula Kiasi Gani

Vijana wangu, nimeshaweka spana chini lakini bado mnanifuata mpaka kibarazani. Kila mmoja ana simu mkononi, na kwenye simu kuna picha ya gari. "Babu Salumu, shikamoo. Tuchukue automatiki au gia za mkono? Hili toleo jipya linakula kidogo kweli, au ni maneno ya wauzaji?" Marahaba. Kaeni. Na hizo simu zitieni mfukoni, maana siwezi kumweleza mtu habari za giaboksi huku anachekea mambo mengine.

Nitawajibu, ila kwa njia yangu. Mimi magari sikuyajua kwa picha. Nimelala chini yake utu uzima wangu wote, hapa hapa Mikumi kando ya barabara kuu, oili ikinidondokea usoni. Injini niliwaachia wengine, umeme niliwaachia wengine. Kazi yangu ilikuwa giaboksi. Ukiniletea gari linalogoma kuingia gia ya pili, hapo ndipo ninapochangamka.

Gereji yangu ilikuwa ubavuni mwa sheli, na mbele yake niliweka kiti kirefu nilichokitoa kwenye basi bovu, wateja wapate pa kukaa wakisubiri. Kiti kile kikapata wenyewe. Kila Jumamosi wenye magari walikuja hata kama magari yao hayana ugonjwa wowote. Wanaagiza chai, wanakaa, halafu wanaanza kubishana. La nani linapanda mlima bila kulia. La nani linakula kidogo. Nani kapigwa changa la macho akanunua toleo jipya lenye taa nyingi na bati jepesi. Bingwa wa kutia chumvi alikuwa Lukasi muuza mbao, aliyekuwa na pikapu kuukuu ya gia za mkono. Ukimsikiliza Lukasi, pikapu yake hainywi petroli, inanusa tu.

Ubishi ukizidi tulikuwa na utaratibu wetu. Maneno yanaachwa, gari linapelekwa kupimwa. Tunalijaza petroli mpaka mdomoni, mpimaji analiendesha hadi njia panda ya Ruhembe, kule kwenye miwa, anageuza, anarudi, nasi tunalijaza tena mpaka mdomoni. Petroli inayoingia mara ya pili ndiyo liliyokula. Mwenye gari haruhusiwi kuendesha, maana atalibembeleza. Mbishani wake naye haruhusiwi, maana atalikanyaga kwa chuki. Mpimaji alikuwa mmoja tu, rafiki yangu Yohana.

Yohana alikuwa dereva wa kubeba mazao. Mahindi na ndizi kutoka Masanze, kwao, kuleta Mikumi na Kilosa mjini. Alikuwa anakanyaga mafuta kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Akirudi kutoka Ruhembe anashuka, anasema neno moja au mawili, na hakuna aliyembishia, hata Lukasi.

Mimi na yeye tulifunzwa na mtu mmoja, Mzee Ligola, fundi mkuu wa karakana ya shamba la mkonge kule Kilosa enzi hizo. Mzee yule alikuwa mkali mpaka ukimsikia anakohoa unaokota spana hata kama huna kazi. Alitulazimisha tushike mkono wa gia kwa vidole viwili tu. Ukitumia kiganja kizima anakupiga kofi mkononi. Alisema vidole viwili vinasikia, kiganja kinalazimisha. Tulicheka pembeni, lakini mpaka leo nikipanda gari la mtu naangalia kwanza anavyoshika gia, na hapo hapo najua kama giaboksi yake itafika mwaka unaofuata.

Siku moja dereva wa lori alifika karakana akijisifu kwamba mteremko mzima ameushuka kwa free, gia imetolewa, ili abane mafuta. Mzee Ligola alimshika mkono, akampeleka mpaka kwenye gurudumu, akamwinamisha. "Nusa." Breki zilikuwa zinanuka kuungua. "Hiyo harufu ndiyo mafuta uliyobana," akamwambia, kisha akarudi kwenye chai yake. Na nyinyi wa automatiki msidhani mmepona. Ukishuka na automatiki kwenye free, breki zako zinachoka vilevile, na giaboksi unaweza kuiumiza kwa ndani bila kusikia kelele yoyote. Acha gia ikushike. Na likikuzimikia njiani usiite vijana walisukume liwake, haliwaki kwa kusukumwa. Nimewahi kuwakuta waombolezaji, na suti zao, wakisukuma automatiki barabara nzima ya hapa mjini kwa nia njema kabisa. Niliwaonea huruma, nikawapa maji kwanza ndipo nikawaambia.

Kuna ugonjwa mwingine nimeutibu sana, nao hauko kwenye gari, uko kwenye mguu wa kushoto. Mtu amezoea klachi tangu ujana wake. Ananunua automatiki. Siku ya kwanza anataka kupunguza mwendo, mguu wa kushoto unaamka wenyewe kutafuta klachi, klachi haipo, unakuta breki pana. Anaikandamiza kwa nguvu zote za klachi. Gari linasimama papo hapo na abiria wanabusu kioo. Ndiyo maana kila aliyekuja kwangu na automatiki nilimwanzia somo hivihivi: mguu wa kushoto usahau, ufiche nyuma karibu na kiti, jifanye hukuzaliwa nao. Shikeni neno hilo, litarudi.

Basi Mama Tausi, mwenye gesti pale karibu na stendi, akaachana na gari lake la zamani, akanunua kigari kidogo cha Kijapani, automatiki, toleo jipya. Alipokileta kwenye kiti chetu, Lukasi alizunguka mara moja, akatema mate pembeni, akasema, "Hili gari la wagonjwa." Mama Tausi akacheka tu. Akasema kigari hiki kina akili kuliko Lukasi, kikisimama kinajizima chenyewe kisile bure, ukiachia breki kinawaka.

Akili hiyo nusura imtoe roho. Alikuwa anatoka Morogoro, akafika ndani ya hifadhi, tembo wakawa wanavuka. Akasimama, kama inavyotakiwa. Kigari kikajizima. Alisahau yote aliyoelezwa na muuzaji. "Tembo wa mwisho kageuza masikio ananitazama," alitusimulia, "na gari kimya. Nikasema ndio nimeandikiwa hapa." Kwa hofu akapandisha miguu yote miwili kwenye kiti. Breki ikaachia, kigari kikawaka chenyewe, kikaanza kutembea taratibu kuwafuata tembo. Walikuwa wameshaingia porini, Mungu alimwona. Lukasi alicheka mpaka akamwaga chai.

Lakini Mama Tausi alishikilia kwamba kigari kinakula nusu ya pikapu ya Lukasi. Lukasi akasema haiwezekani, automatiki ni mlafi tangu kuumbwa. Ubishi ukapamba moto, na safari hii hatukuwa na wa kuumaliza. Yohana alikuwa hatoki ndani.

Sukari ndiyo iliyomfanyia hivyo. Kidonda kidogo kwenye mguu wa kushoto, akakidharau, kikapanda. Hospitali wakaukata mguu chini ya goti. Alirudi nyumbani kwake hapa Mikumi, akafunga mlango. Pikapu yake ikakaa uani, kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nilikuwa naenda kumwona, tunakaa, anazungumza habari za mvua. Nikirudi gereji nafanya kazi huku moyo umeniinama. Nilimpenda sana mtu yule, sioni aibu kulisema.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa Masanze. Mama yake mzazi, Bibi Merina, yuko kule vijijini, mzee sana, hawezi tena safari. Zamani kila akienda kupakia mazao Yohana alikuwa anakula kwanza kwa mama. Tangu akatwe mguu hajakanyaga. Bibi alishaelezwa habari za mguu. Alichokuwa akiuliza ni mtoto wake yuko wapi. Wapwa walitaka kumpeleka kwa bodaboda, wengine wakasema watambeba. Akakataa. Aliniambia mwenyewe, "Salumu, pale uani kwa mama nilitoka nikiwa dereva. Siendi kushushwa mbele yake kama gunia." Na habari zilizokuja kutoka Masanze zilikuwa mbaya, kwamba Bibi sasa chakula anakisogeza pembeni.

Asubuhi moja mkewe, Edina, akaja gereji. Hakukaa.

"Shemeji, sina gari la kutengeneza," akasema. "Nimekuja kuuliza. Daktari kasema mguu wa kulia mzima, macho mazima, gari la automatiki anaweza kuliendesha. Nimemwambia. Kageukia ukutani. Anasema hilo gari la wagonjwa."

Lukasi alikuwa kwenye kiti anasikia. Akainamia glasi yake.

"Tufanye nini, shemeji?" nikamuuliza.

"Msimwonee huruma. Akiiona huruma atafunga na dirisha. Mwambieni mnamhitaji."

"Mbona tunamhitaji kweli," Mama Tausi akadakia kutoka kwenye kiti. "Huu ubishi nani ataumaliza? Huyu wa mbao?"

Ndipo nikafunga safari mpaka kwa Yohana. Nilimkuta amekaa kitandani, redio imewashwa sauti ya chini. Sikumuuliza hali. Nilianza kulalamika moja kwa moja, kwamba kiti kimeharibika, watu hawasalimiani, Mama Tausi kapima kigari chake mwenyewe na Lukasi kakataa, Lukasi akapima yeye na Mama Tausi kakataa. Mimi mwenyewe mguu wangu mzito, unajua.

Mimi nikajifanya naangalia redio.

"Walijaza mpaka wapi?" akauliza.

"Mpaka pampu ikakata."

"Pampu ikikata?" Akageuka kunitazama kwa mara ya kwanza siku ile. "Hao hawajapima kitu. Pampu ikikata unasubiri povu lishuke, unatikisa gari kidogo, unaongeza tena pole pole mpaka uone petroli yenyewe. Salumu, na wewe ulikuwepo ukawaacha?"

"Nilikuwa chini ya lori."

"Watoto nyinyi." Akazima redio. "Kileteni nikione. Kukiona tu."

Hatukukipeleka. Tulimwambia kimekwama gereji, aje yeye. Jumamosi akaja kwa magongo yake, Edina nyuma, na watu wa kile kiti wakafanya jambo ambalo sikuwafundisha. Hakuna aliyesimama kumpisha. Lukasi alisogea tu, kama siku zote, akasema, "Umechelewa, chai yako imepoa." Yohana akakaa. Nikaona mabega yake yanashuka.

Tulikipeleka kigari kwenye uwanja wa nyuma ajaribu. Akaingia, akarudisha kiti, akashika usukani. Mimi nikainama dirishani, nikaanza somo langu nililolitoa kwa watu wengi mpaka linatoka lenyewe.

"Kwanza kabisa, mguu wa kushoto..."

Hapo ndipo nikasikia ninachokisema.

"Malizia," Yohana akasema.

"Mguu wa kushoto usahau," nikasema kwa sauti ndogo.

Akanitazama, kisha akatazama chini, kisha akaanza kucheka. Kicheko chake kile cha zamani, cha kutokea tumboni. "Mwambieni Salumu asiwe na wasiwasi. Wa kwangu hautamsumbua mtu." Tukacheka wote, wengine machozi yakiwatoka, na Edina akageuka pembeni akijifuta kwa pindo la kanga. Na kweli, vijana, katika wote niliowafundisha automatiki, huyo ndiye pekee aliyesimamisha gari siku ya kwanza bila kunigongesha kichwa. Kilichomsumbua ni mkono wa kushoto. Kila akiongeza mwendo, vidole viwili vinakwenda kwenye gia, havina la kufanya, vinarudi kwenye goti.

Nilikaa kando yake akazunguka uwanja mpaka nikachoka. Kisha kukawa na mambo ya leseni, Edina akamfuatilia mpaka ikaandikwa upya kuwa ni ya automatiki. Yohana hakukataa tena. Alisema kipimo lazima kifanywe kihalali.

Siku ya kipimo ilikuwa Jumamosi, asubuhi ya mawingu. Alisimamia kujaza mwenyewe. Pampu ikakata, tukasubiri povu, tukatikisa, tukaongeza, mpaka aliporidhika. Edina akapanda mbele. Lukasi akamuuliza wewe unakwenda kupima nini. Akasema anakwenda kuona miwa. Wakaondoka kuelekea Ruhembe, taratibu, na sisi tukakaa kusubiri.

Tulipokiona kinarudi, Mama Tausi alishasimama kando ya pampu, Lukasi amekunja mikono tayari kwa ushindi. Kigari kikaja, kikaja, kikatupita. Hakikupunguza hata mwendo. Nilimwona Yohana anatazama mbele, mkono wa kulia kwenye usukani. Mkono wa kushoto haukuwa kwenye gia wala kwenye goti. Edina alikuwa ameushika.

"Anakwenda wapi huyu?" Lukasi akauliza.

Tukasimama wote barabarani kutazama. Kilipofika njia panda kikawasha taa ya kukunja, kikaingia barabara ya Kilosa.

"Masanze," nikasema.

Mama Tausi akarudi kwenye kiti, akakaa polepole. Nilidhani atalalamika, kigari chenyewe hata vumbi la Kilosa kilikuwa hakijalionja. Aliuliza jambo moja tu.

"Petroli itamtosha?"

"Itamtosha," nikamwambia. Akaagiza chai nyingine kwa watu wote.

Nilijaribu kufanya kazi siku ile, sikuweza. Nilifungua boliti moja nikaifunga tena. Nilikuwa nawaza kile kimlima cha kuingilia kwao, tope lake, na uani kwa Bibi Merina, na magongo. Nilikuwa naogopa asije akafika akaona aibu akageuza. Mvua ikanyesha kidogo, ikaacha. Watu wa kiti hakuna aliyekwenda kwake, na ilikuwa saa ya chakula.

Walirudi alasiri. Kigari kilikuwa kimepakwa tope mpaka kwenye vioo. Kwenye kiti cha nyuma, kile cha kitambaa cheupe ambacho Mama Tausi alikuwa hajakitoa nailoni, kulikuwa na mkungu wa ndizi, na juu ya ndizi jogoo amefungwa miguu, anatutazama. Yohana akafungua mlango. Hakushuka. Alikaa pale ameshika usukani, macho mekundu.

"Amekula?" nikamuuliza. Sikuuliza nani.

"Alitoka nje aliposikia gari," akasema. "Kaja mpaka dirishani. Akaniuliza, baba, dereva wako yuko wapi, mwambie aingie ndani ale, ametoka mbali. Nikamwambia mama, dereva ndiye huyu. Basi akaniwekea chakula, akakaa, akala na mimi. Sahani yote."

Edina alikuwa analia na kucheka. Mama Tausi akasema, "Alhamdulillahi," akamchukua jogoo, akamweka kivulini.

Lakini kipimo ni kipimo. Lukasi akashika pampu, akajaza. Petroli ikaingia, ikaingia, ikaingia. Povu likashuka, akaongeza. Mwisho akarudisha pampu mahali pake, akatazama namba, akamtazama Yohana. Ushindi ulikuwa wake, kila mtu anaona. Akakuna kichwa.

"Sasa tuseme nini?" akauliza.

Yohana akashusha magongo yake, akasimama, akajikung'uta suruali kama alivyokuwa akifanya kila alipotoka Ruhembe. Tukasubiri neno lake.

"Kipimo kimeharibika," akasema. "Nimepinda njia. Itabidi kirudiwe."

"Lini?" Mama Tausi akauliza.

"Jumamosi ijayo, kama mwenye gari hana neno."

Mwenye gari hakuwa na neno. Hata ufunguo alikataa kuupokea, akamwambia akae nao.

Kwa hiyo, vijana, mliniuliza automatiki au gia za mkono, nami nimewajibu nilivyojua. Kuhusu toleo jipya na ulaji wake, hapo mtanisamehe. Kile kigari kimeshapimwa Jumamosi nyingi. Kila mara tunakijaza mpaka mdomoni, kila mara Yohana na Edina wanaondoka kuelekea Ruhembe, na kila mara wanarudi kutoka upande wa Kilosa, wana tope na wana ndizi. Kinakula kiasi gani hakuna anayejua mpaka leo. Hata Lukasi ameacha kuuliza.